Redio kaseti mpya ya USB: nyota mbili, na moja ni ya FM

Nilifundisha fizikia miaka 31, basi msitarajie niandike "mzigo umefika salama, sauti safi" nikaishia hapo. Mzigo umefika salama. Sauti si safi, na kwa nini si safi ndilo lililonileta, maana kabla ya kununua nilisoma maoni ya wateja zaidi ya 50 na sikukuta hata mmoja aliyepima kitu.

Mashine ni redio kaseti ndogo ya plastiki nyeusi. Ina mkono wa kubebea, spika moja, FM, tundu la kuchomeka flashi ili kaseti inaswe humo, na waya wa kuiunganisha na kompyuta. Nimeilipia shilingi 4,600, kuletewa mlangoni hapa Mombasa. Jina la chapa silitaji kwa sababu halina maana: mjukuu wangu aliitafuta kwenye simu akaikuta mashine hiyohiyo, vitufe vilevile, ikiuzwa kwa majina matano.

Niliitaka kwa kazi moja. Ndani ya bati la biskuti chini ya kitanda changu kuna kaseti 41. Chache ni za taarab, zilizonaswa harusini, Juma Bhalo na Zein l'Abdin wakiimba huku watoto wanalia na sahani zinagongana. Lakini 29 ni barua. Kaka yangu aliondoka kwenda Maskati mwaka 1977, kama walivyoondoka wengi wa mtaani kwetu waliokuwa na jamaa huko, na kwa miaka 14 barua zake zilikuwa za kaseti. Mama alisoma msahafu vizuri, ila barua ya kalamu ilibidi asomewe, na hakupenda mambo ya mwanawe yapitie kinywani mwa mtu. Simu ilikuwa ya msiba tu. Basi kaka alikaa usiku na kinasa sauti chake, akasema mpaka upande ukajaa, na msafiri yeyote aliyekuwa akija Mombasa akatiwa kaseti mfukoni. Mama naye akajibu vivyo hivyo, mimi nikimshikia kile kitufe chekundu maana alikuwa akikiogopa.

Siku mashine ilipofika nikatia kaseti ya kwanza, nikabonyeza, akasema mtangazaji wa mpira.

Marehemu kaka yangu alikuwa mtu wa kuvuta maneno. Salamu peke yake zilimchukua dakika nne: aulize mama, aulize paka, aulize mwembe. Huyu aliyekuwa akisema spikani alikuwa na sauti nyembamba na haraka ya mtu aliyeacha teksi barabarani inamngoja. Mjukuu wangu, ambaye hakumwahi, akasema, "Bibi, mbona alikuwa mdogo hivi?" Hakuwa mdogo. Alikuwa na miaka 40.

Nikaenda kutafuta kipimo. Katika kaseti moja ya mwaka 1983 kaka alianza kunasa kabla hajazima redio, na nyuma yake inasikika BBC ikipiga milio ya saa, mitano mifupi na wa sita mrefu. Mlio ule ni wa mitetemo 1,000 kwa sekunde, uusikilize Maskati au Makupa. Simu yangu ina programu ya kupimia sauti, ile wanayoitumia wapiga gitaa na udi. Nikaiweka mbele ya spika. Ikasoma 1,048.

Mwanafunzi mzuri wa kidato cha tatu angenyoosha mkono hapo: "Mwalimu, na kama kinasa sauti cha kaka yako ndicho kilichokuwa kikienda polepole usiku ule?" Swali zuri, na jibu lake litafika. Kwanza tuone maana ya tarakimu hiyo. Mashine inauvuta utepe kwa kasi zaidi ya ipasavyo kwa asilimia 4.8. Katika muziki hiyo ni karibu nusu toni nzima; mpiga udi wa harusini anageuka kuwa anapiga katika sauti ambayo hakuwahi kuikaza. Na upande wa dakika 30 unakwisha kwa dakika 28 na sekunde 38. Kila upande, kaka ananyang'anywa dakika moja na sekunde 22 za uhai wake.

Mwendo sahihi ni sentimita 4.76 kwa sekunde. Si mapendekezo, ni ahadi, na kuna watu walioitoa. Nimewahi kuifundisha habari hii kama hadithi ya mwisho wa muhula, watoto wakiwa wamechoka, na kila mara walikuwa wakiamka.

Lou Ottens, aliyeongoza kuundwa kwa kaseti, alizaliwa mwaka 1926 Bellingwolde, kijiji cha Uholanzi karibu na mpaka wa Ujerumani. Wakati wa vita, Wajerumani wameikalia nchi, kijana huyu aliunda redio yake mwenyewe nyumbani ili wasikilize matangazo ya Kiholanzi kutoka London, na kwa kuwa Wajerumani walikuwa wakiyavuruga matangazo hayo, akaitilia antena ya kulenga upande mmoja ili kuukwepa mvurugo. Akaiita kichujio cha Wajerumani. Mtoto wa namna hiyo ukimpata darasani unamwachia ufunguo wa maabara na unajifanya hukumwona.

Alisoma uhandisi Delft, akaingia Philips mwaka 1952, na baada ya miaka kadhaa akapelekwa kwenye kiwanda chao cha Hasselt, Ubelgiji. Mwaka 1960 akapewa kuongoza idara ya kubuni bidhaa mpya. Kazi yao ya kwanza iliyovuma ilikuwa kinasa sauti cha kubebeka, EL 3585, ambacho bado kilitumia kanda za magurudumu mawili wazi. Kiliuzwa zaidi ya milioni moja. Mhandisi mwingine angepanda cheo na kutulia. Ottens hakupendezwa: kanda zile zilikuwa za kuvishwa kwa mkono, utepe unapitishwa huku na kule, ukiteleza vidoleni unajimwaga sakafuni kama tambi. Mimi nimezivisha shuleni, katika chumba cha mashine za kufundishia, najua alichokuwa akikikataa.

Alichofanya kwanza hakikuwa mchoro. Alikata kipande cha mti kinachoingia katika mfuko wa koti lake, akaamuru kwamba mashine yote itakayoundwa isizidi pale. Kaseti ikapimwa kutokana na mashine, mashine ikapimwa kutokana na mfuko. Nampenda sana mtu anayeanzia mfukoni. Kipande hicho kingekuwa leo katika kabati la kioo la makumbusho, lakini siku moja gari lake lilipata pancha, jeki ikahitaji kitu cha kuegemea, akakitumia, na ndio ukawa mwisho wake.

Haikuwa njia nyeupe. Ndani ya Philips kwenyewe kulikuwa na timu nyingine, ya Vienna, iliyokuwa ikishughulikia kaseti ya tundu moja pamoja na Grundig wa Ujerumani. Wamarekani wa RCA walishatoa kaseti yao mwaka 1958, kubwa kama kitabu. Ya Hasselt yenye matundu mawili ndiyo iliyochaguliwa, na ikaonyeshwa Berlin mwishoni mwa Agosti 1963 pamoja na mashine yake, EL 3300. Sanduku la sentimita kumi kwa sita na kitu. Utepe wa upana wa milimita 3.81, ndani ya C-60, ile ya dakika 30 kila upande, umekunjwa utepe wa karibu mita 90. Mashine ilikuwa ya kunasa maneno zaidi kuliko ya kusikiliza muziki, ina maikrofoni yake na betri zake. Kwa maneno mengine, iliundwa kwa ajili ya kaka yangu, ila yeye hakujua na wao hawakumjua.

Halafu likaja jambo ambalo watoto darasani walikuwa hawaliamini. Mwaka 1965 Philips waliwaachia Sony na wengine watengeneze kaseti bure, bila malipo ya hataza. Sony, kupitia Norio Ohga, mmoja wa viongozi wao, walibana sana hadi wakaipata ruhusa hiyo, basi haikuwa sadaka tupu. Lakini sharti likawa kwamba kila mtu ashike vipimo vilevile: matundu yale, upana ule, mwendo ule. Hata stirio ilipokuja, njia zake mbili ziliwekwa ubavu kwa ubavu ili mashine ya mono, yaani ya njia moja, izisome zote kwa pamoja, mwenye redio ya zamani asiachwe. Ndiyo maana kinasa cha Kijapani cha kaka kilinena Maskati na Philips yetu ya Mombasa ikaelewa. Inakadiriwa kaseti zaidi ya bilioni 100 zimeuzwa duniani tangu hapo, zote zikiamini kwamba utakapofika mwisho wa safari utakuta mtu anauvuta utepe kwa sentimita 4.76.

Huyu niliyemnunua mimi hauvuti hivyo.

Nikampelekea fundi wangu mmoja wa Mji wa Kale, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu na hakuwahi kupata zaidi ya C, na ambaye leo anajua mambo ambayo mimi sikuyajua siku moja. Akaifungua kwa bisibisi, akacheka. "Mwalimu, hii ni Tanashin." Yaani, akaeleza, ni nakala ya mtambo wa Tanashin, kampuni ya Kijapani iliyokuwa ikitengeneza moyo wa redio kaseti za bei nafuu. Wajapani wenyewe walishaacha, nakala ndizo zinazoendelea, na karibu kila redio kaseti mpya unayoiona leo, ya shilingi 4,000 au ya 14,000, ukiifungua unamkuta mtu huyohuyo. Akanionyesha lile gurudumu la nyuma ambalo uzito wake ndio unaotuliza mwendo. Katika mashine za zamani ni la chuma, likiwa kiganjani unalihisi. Hili lilikuwa jepesi kama kifuniko cha soda. Mota ikisitasita kidogo tu, gurudumu halina nguvu ya kuisahihisha, na ndipo sauti inapoyumba. Fidla ya harusi ilikuwa ikitetemeka kama imepandishwa matatu ya Likoni siku ya mvua.

Kasi yenyewe inaweza kurekebishwa. Kuna tundu dogo nyuma ya mota, unaingiza bisibisi nyembamba, unazungusha chembe kwa chembe huku umeweka simu mbele ya spika. Fundi akaishusha hadi ikasoma kati ya 995 na 1,010, ikipanda na kushuka. Zaidi ya hapo akakataa. "Hii haikai, mwalimu. Betri zikilegea kidogo, na yenyewe italegea."

Mengine nitayapita haraka. Kunasa kwenye flashi: usijaribu, sauti inapasuka kila msemaji anapopaza na hakuna pa kuipunguza. Ukiiunganisha na kompyuta kuna mvumo wa mota ndani ya kila unachonasa. Kitufe cha kurudisha nyuma hakijizimi utepe ukifika mwisho, kinaendelea kuvuta, na kaseti ya mwaka 1979 ililiwa hivyo mbele ya macho yangu, utepe umejikunja ndani kama kamba ya dau. Niliutoa kwa kibanio cha nyusi na kuukunja kwa kalamu ya Bic yenye pembe sita, ambayo inaingia katika tundu la kaseti kana kwamba viwanda viwili vile vilikula yamini. Redio ya FM, kwa haki yake, ni safi na inashika stesheni zote.

Jambo jingine linawahusu wenye kanda za taarab. Nne kati ya zangu zina alama ya herufi D mbili zilizogeuziana, yaani zilinaswa kwa Dolby B. Ray Dolby alikuwa Mmarekani aliyeanza kazi katika kampuni ya Ampex angali mwanafunzi, miongoni mwa vijana waliounda mashine ya kunasa video ya mwaka 1956. Mwaka 1965 akafungua kampuni yake London, na mwaka 1968 akatoa Dolby B, kwa ajili ya mashine za nyumbani. Akili yake ni nyepesi ukishaelezwa: wakati wa kunasa, sauti nyembamba zilizo hafifu zinapandishwa, wakati wa kusikiliza zinashushwa kiasi kilekile, na ule mvuvumo wa utepe, shhhh, unashuka pamoja nazo. Bila yeye kaseti ya Ottens ingebaki ya maneno tu. Lakini inataka mashine ya kusikilizia iwe na Dolby pia, na mashine mpya hizi hazina. Ukizicheza humo, matari yanakata masikio.

Sasa lile swali la kidato cha tatu. Juu ya kabati kwangu kulikuwa na Philips ya marehemu mume wangu, redio kaseti nzito ya stirio ambayo nambari yake ya modeli imefutika kwa kushikwashikwa. Ilikufa zamani, unabonyeza, mota inavuma, hakuna kinachozunguka. Fundi aliifungua akakuta belti imeyeyuka na kuwa lami. Belti mpya shilingi 350, gurudumu la mpira linalokamata utepe likasuguliwa, hedi, kile kichwa kinachousoma utepe, ikasafishwa kwa spiriti na pamba, kazi yake shilingi 1,200. Akaniambia nisimlipe, nikamlipa. Nikatia kaseti ya 1983, nikaweka simu. Mlio wa BBC ukasoma 1,004, ukakaa hapo bila kutikisika.

Basi kinasa cha kaka hakikuwa na kosa. Na akaanza: "Mama, shikamoo. Shikamoo tena, ya jana sikukupa." Akavuta. Akauliza paka.

Ningekuwa naandika tangazo la kusifu kaseti ningekomea hapo, lakini Ottens mwenyewe asingekubali. Baada ya kaseti alipanda hadi kuwa mkurugenzi wa ufundi wa upande wa sauti wa Philips, na huko alisimamia kazi iliyozaa CD. Machi 1979 waliionyesha Eindhoven, sahani ya sentimita 11.5, kipimo walichokitoa, ukiamini usiamini, kwenye pembe hadi pembe ya kaseti. Sony walipoungana nao ikawa 12. Mwaka 1982 CD zikaanza kuuzwa Japani. Sijui wahandisi wangapi waliounda kitu kikaenea dunia nzima kisha wakaunda kingine cha kukizika. Alistaafu 1986, akafariki Machi 2021 akiwa na miaka 94, na alipoulizwa uzeeni kuhusu vijana wanaorudia kaseti hakuvutiwa nao: kwake CD ilikuwa bora, basi. Kilichomuuma ni Walkman ya mwaka 1979, ile mashine ndogo ya kusikilizia kaseti njiani, kwamba Sony ndio walioitoa na si wao. Yaani mfuko ule alioukatia mti, mwingine ndiye aliyeujaza.

Kwa hiyo na mimi sizihifadhi kaseti kwa mapenzi ya kaseti. Nazihamisha. Waya mmoja wa shilingi 250 unatoka tundu la hedifoni la Philips kuingia kompyuta ya mjukuu, na Audacity, programu ya bure, inanasa. Hakuna njia ya mkato. Upande wa dakika 30 ni dakika 30, na unalazimika kukaa. Kabla ya kucheza kaseti ya miaka mingi, angalieni mbele yake, palipo wazi: kuna kipande kidogo cha kitambaa juu ya bati jembamba kinachoubana utepe kwenye hedi. Gundi yake hukauka, kinaanguka, na sauti inakuwa ya mtu aliye chini ya blanketi. Saba kati ya zangu zilikuwa hivyo. Kaseti yenye skurubu inafunguka na fundi anahamishia kipande kingine kutoka kaseti tupu. Iliyogundishwa inabidi ipasuliwe kwa kisu kwa moyo mgumu. Na vile vijino viwili vya plastiki vya juu vivunjeni kabla ya lolote, mtoto asije akabonyeza chekundu.

Nimemaliza 24, bado 17. Mashine mpya nimeirudisha kwenye boksi lake na muuzaji hapokei kilichofunguliwa. Aliye Mombasa na anayetaka redio ya FM ya kuwekea jikoni aje aichukue bure. Betri nimezitoa, nazitumia.